Baka jeupe kinywani mwa mzee: kulifuatilia mtaani, kulitibu kwa dawa au kulikata?

Mabaka ya kinywani yanayoweza kugeuka saratani kwa kawaida hayaumi. Mengi huonekana kwa bahati tu: mzee ametoa meno bandia yaoshwe, au amekwenda kung'olewa jino, na mtu akaona weupe chini ya ulimi. Hapo ndipo familia hukwama. Jirani anasema ni fangasi, kemisti wa kona anatoa GV, ile dawa ya zambarau ya kupaka, shangazi anaonya kwamba kitu cha namna hiyo kikiguswa na kisu kitaenea mwili mzima, na zahanati inasema nendeni Hospitali ya Kenyatta.

Hapa tunalinganisha njia tatu ambazo mzee anayeishi Nairobi huweza kuwekewa mbele: kulifuatilia baka kupitia zahanati na mhudumu wa afya ya jamii, yule CHP wa mtaa, huku kinacholichokoza kikiondolewa; kulitibu kwa dawa za kupaka, kusukutua au kumeza; na kulikata au kulichoma kwa leza hospitalini.

Vigezo

Kila njia tumeiuliza maswali manne. Inalifanyia baka nini? Inadai nini kwa safari, pesa na mtu wa kumsindikiza mzee? Hukwama wapi? Inamfaa nani?

Swali ambalo familia huanza nalo, "ipi itazuia saratani?", tumeliacha nje makusudi. Mapitio ya 2016 ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaojumlisha tafiti za tiba, kuhusu leukoplakia, baka jeupe tutakaloeleza hapa chini, hayakupata dawa iliyothibitishwa kuzuia saratani, na upasuaji wenyewe haukuwa umepimwa kwa majaribio ya kugawa wagonjwa kwa kura. Kwa hiyo njia yoyote utakayoshika, mzee ataendelea kukaguliwa kinywa miaka na miaka. Ukilielewa hilo mapema, uchaguzi unakuwa mwepesi kidogo: unatafuta njia inayolifaa baka, na ambayo mzee ataweza kuirudia.

Kwanza ijulikane ni baka gani

Leukoplakia ni baka jeupe lisilofutika kwa kitambaa na lisilo na ugonjwa mwingine wa kulieleza. Tafiti nyingi zikijumlishwa, takribani 1 kati ya 10 hugeuka saratani. Eritroplakia, baka jekundu laini kama mahameli, hugeuka kwa karibu 1 kati ya 3, na mara nyingi likipimwa hukutwa saratani tayari imo au i karibu kuanza. Hilo si la kusubiri. Laikeni planasi huonekana kama wavu wa mistari myeupe kwenye mashavu yote mawili, mara nyingine na vidonda vinavyochomwa na pilipili na ndimu, na hugeuka kwa 1 au 2 kati ya 100. Watafunaji wa popoo na paan nao hupata mashavu yaliyokakamaa, mdomo ukakataa kufunguka. Kwao ni takribani 5 kati ya 100.

Mahali baka lilipo nako kuna uzito. Pembeni mwa ulimi, chini yake na kwenye sakafu ya kinywa ni sehemu mbaya kuliko shavuni au kwenye fizi. Baka lenye weupe uliochanganyika na wekundu, au lenye vijipele, ni baya kuliko jeupe tupu lililo laini. Wala usitulizwe na kwamba mama hajawahi kugusa sigara: leukoplakia ya asiyetumia tumbaku hugeuka mara nyingi zaidi kuliko ya mtumiaji.

Ukaguzi kamili huchukua dakika tano na hauhitaji mashine. Meno bandia yatoke. Mwanga uwe mkali, hata wa tochi ya simu. Kagua midomo kwa ndani, mashavu, fizi, kaakaa. Kisha shika ncha ya ulimi kwa kipande cha shashi, uuvute nje upande wa kulia, halafu wa kushoto, kisha mzee aunyanyue uone chini. Hapo nyuma pembeni ndipo wengi hawafiki, na ndipo penye maana. Papasa baka kwa kidole kilichovaa glavu, kisha papasa shingo pande zote mbili. Piga picha ukiwa umeweka rula ndogo kando ya baka.

Futa baka kwa shashi. Likitoka likaacha wekundu, huenda ni fangasi. Lisipotoka, tafuta kinachochokoza: jino lililovunjika lenye ncha, meno bandia yanayosugua, au aspirini. Ndiyo, aspirini, wapo wazee wengi wanaobandika kidonge kando ya jino linalouma, nacho huunguza fizi na kuacha weupe unaofanana kabisa na leukoplakia. Ondoa chanzo, ngoja wiki mbili, kagua tena. Kilichochokozwa tu kitakuwa kimeisha au kinaisha.

Wiki mbili hizo hazimhusu mwenye baka jekundu, uvimbe mgumu, kidonda kilichokwisha kupita wiki mbili, damu isiyo na sababu, ganzi ya mdomo, jino lililolegea ghafla, shida ya kumeza au kivimbe shingoni. Huyo apelekwe kwa daktari wa meno wa hospitali wiki hiyohiyo.

Baka lisilopungua baada ya wiki mbili linahitaji baiopsi, yaani kukata kinyama kidogo kipelekwe maabara. Kwa ganzi ya lidokeini, daktari hutoa kipande cha milimita 4 au 5 kutoka sehemu inayotia shaka zaidi, hasa yenye wekundu, na kukitia kwenye formalini ya asilimia 10. Jibu litasema kama kuna displasia, yaani chembe zilizoanza kupotoka, na kama ni ndogo, ya kati au kali. Baiopsi si tiba. Ni kipimo kinachokuonyesha tiba ipi ina maana. Na haisambazi ugonjwa, shangazi apende asipende.

Baiopsi huharibika kwa mambo madogo. Kipande kilichotiwa kwenye maji au kufungwa kwenye pamba kikauke hakisomeki. Kichupa chenye formalini ya kufunika kipande tu hakitoshi. Dawa iwe angalau mara kumi ya ukubwa wa nyama. Ukikabidhiwa kichupa ukipeleke maabara mwenyewe, hakikisha jina, tarehe na mahali kipande kilipotoka vimeandikwa kwenye kichupa chenyewe na si kwenye mfuniko. Na mwenye kurudi kuchukua jibu ajulikane kabla hamjaondoka hospitalini. Majibu mengi husomwa, yakachapwa, yakalala kwenye droo kwa sababu kila ndugu alidhani mwenzake atapita.

Njia ya kwanza: kufuatilia kupitia zahanati na CHP

*Inafanya nini.* Inaondoa kinacholichokoza baka, kisha inalipima kwa tarehe. Baka la ugoro au kuber (tumbaku ya kuweka mdomoni), lile lililo palepale donge linapowekwa, mara nyingi hupungua au kwisha ndani ya wiki 2 hadi 6 tumbaku ikiachwa. Miraa na muguka nazo huacha utando upande wa kutafunia, ingawa ushahidi wa saratani si mzito kama ule wa tumbaku, pombe kali na popoo. Baka lisilo na displasia au lenye displasia ndogo hukaguliwa kila miezi 6. Lenye zaidi ya hapo, ambalo kwa sababu fulani halikukatwa, kila miezi 3.

Kuna ushahidi kwamba macho ya mtu wa mtaani yaliyofundishwa yanafaa. Kule Kerala, India, watu zaidi ya 190,000 walihusishwa katika utafiti ambao wahudumu wasio madaktari walizunguka nyumba kwa nyumba wakikagua vinywa. Matokeo ya 2005 yalionyesha vifo vya saratani ya kinywa vikiwa pungufu kwa asilimia 34 miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe. Kwa watu wote kwa jumla tofauti haikuwa ya kuaminika. Na wahudumu hao hawakutibu. Walitazama, wakaandika, wakatuma hospitalini.

*Inadai nini.* Pesa kidogo, subira nyingi. Serikali ilizindua CHP zaidi ya 100,000 Septemba 2023, kila mmoja akikusudiwa kuhudumia takribani nyumba 100. Mkobani wana mashine ya presha na ya sukari, kwa hiyo wengi tayari wanamjua mzee wako kwa sababu hizo. Kinywa hawakiangalii kama hawajaombwa. Mwombe, na umwonyeshe picha ya baka. Mzee aliyesajiliwa SHA, mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, huonwa bila malipo kwenye zahanati na kituo cha afya cha serikali. Ukipata kituo chenye afisa wa afya ya kinywa, wale wanaojulikana kama COHO, anza naye.

*Hukwama wapi.* Kwenye ziara ya tatu. Ya kwanza hufanyika kwa hofu, ya pili kwa adabu, ya tatu mzee anasema "hainiumi" na mambo yanaishia hapo. Desemba huja, anapanda gari la ushago, anakaa hadi Pasaka, na Nairobi hakuna anayehesabu miezi. Picha nazo hupotea simu ikibadilishwa. Dawa ya hili ni daftari: tarehe, urefu na upana wa baka kwa milimita, rangi, mahali, na nani alitazama. Nakala moja kwa mzee, picha kwenye simu za watoto wawili.

Kuacha ugoro ghafla baada ya miaka 40 nako kuna vita vyake. Hasira, kukosa usingizi na njaa hufika kileleni wiki ya kwanza na kulegea ndani ya wiki 2 hadi 4. Mzee mwenye meno bandia asipewe chingamu ya nikotini, itang'ang'ania kwenye meno. Plasta ya ngozini humfaa zaidi, akishaulizwa kuhusu moyo na presha.

*Inamfaa nani.* Mwenye baka jeupe laini, lisilo na displasia au lenye displasia ndogo, lililo shavuni au kwenye fizi, na chanzo kinachoonekana. Pia mzee dhaifu sana ambaye ukataji ungemdhuru kuliko kumsaidia. Haimfai asiye na mtu wa kukumbuka tarehe.

Njia ya pili: dawa

*Inafanya nini.* Inatibu kilicho juu ya baka au kinachofanana nalo: fangasi, uchungu na uvimbe wa laikeni planasi. Leukoplakia yenyewe haina dawa ya kuiondoa ikabaki imeondoka. Vidonge vya jamii ya vitamini A vimewahi kupunguza mabaka, nayo yakarudi vilipokoma. Beta-karotini kwa mvutaji ni kosa la gharama: majaribio makubwa mawili yalikuta inaongeza saratani ya mapafu.

Kwa fangasi, nistatini ya maji hutumika mara 4 kwa siku baada ya kula: mzee aishikilie kinywani dakika kadhaa, meno bandia yakiwa nje, kisha ameze, na aendelee siku 2 baada ya weupe kwisha. Kwa laikeni planasi, klobetasoli ya asilimia 0.05 hupakwa nyembamba juu ya sehemu iliyokaushwa kwa shashi, kwa kawaida mara 2 kwa siku. Boksi litasema ni ya ngozi. Kama daktari ameandika ya kinywa, ni sawa. Mabaka yakiwa mengi, betamethasoni ya mikrogramu 500 huyeyushwa kwa mililita 10 za maji, ikasukutuliwa dakika chache na kutemwa. Baada ya hapo hakuna kula wala kunywa kwa nusu saa.

*Inadai nini.* Mikono inayotii na macho yanayoona, au mtu wa kusaidia. Pia mfuko wa dawa zote za mzee, uletwe kliniki kama ulivyo. Flukonazoli, kidonge cha fangasi, huzidisha nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, mzee akatoka damu, na ya glibenklamidi, dawa ya kisukari, sukari ikashuka hadi akaanguka. Jeli ya mikonazoli, ambayo watu huiona ni ya kupaka tu, hufanya vivyo hivyo kwa mwenye warfarini. Isitoshe, baadhi ya dawa za presha na za maumivu husababisha mabaka yanayofanana na laikeni planasi. Daktari akizijua, huenda akabadilisha moja na baka likafifia. Usimsimamishie mzee dawa ya presha kwa kubahatisha.

*Hukwama wapi.* Hapa ndipo miezi mingi hupotea. Baka hutibiwa kama fangasi, linafifia kidogo kwa kuwa kweli palikuwa na fangasi juu yake, familia inafurahi, na kilicho chini kinaendelea. Likirudi, chupa nyingine. Kanuni ni hii: kozi moja ya siku 7 hadi 14, kisha ukaguzi, kilichobaki kinakwenda baiopsi. GV hupaka kila kitu zambarau na daktari hana tena la kuona, basi isipakwe siku za kabla ya ukaguzi. Steroidi, yaani klobetasoli na betamethasoni, nazo huleta fangasi, na zikimezwa badala ya kutemwa hupandisha sukari ya mwenye kisukari. Meno bandia yasiposafishwa, fangasi hurudi hata dawa iwe nzuri vipi: yapigwe brashi kwa sabuni, yalale nje ya kinywa usiku, na yalowekwe kwa klorheksidini ya asilimia 0.2 dakika 15 mara 2 kwa siku wakati wa matibabu. Jik ya kufulia isiguse yenye nyaya za chuma.

Fangasi inayojirudia bila meno bandia, bila kisukari na bila steroidi inadai kipimo cha HIV, hata mgonjwa awe na miaka 75. Umri haujawahi kuwa jibu la kipimo.

*Inamfaa nani.* Mwenye laikeni planasi inayomzuia kula, mwenye fangasi, na mwenye baka linalosubiri baiopsi huku limejaa fangasi juu. Isitumike peke yake kwa displasia.

Njia ya tatu: kukata au leza

*Inafanya nini.* Baka lote linaondolewa pamoja na ukingo wa nyama nzima. Faida yake kubwa mara nyingi haitajwi: kipande kizima huenda maabara, na mara nyingine hukutwa saratani ndogo ambayo baiopsi ya milimita 5 iliikosa. Ndiyo maana leza inayokata ni tofauti na leza inayoyeyusha. Ya kuyeyusha haiachi kitu cha kupima, kwa hiyo isifanywe kabla ya baiopsi. Leza kwa jumla hutoa damu kidogo, lakini kidonda chake huweza kukawia kufunga kuliko kilichoshonwa.

*Inadai nini.* Rufaa, SHA iliyolipiwa, na siku nzima. Michango ni asilimia 2.75 ya kipato, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, na katika hospitali za ngazi ya 4 kwenda juu, usajili bila michango hautoshi. Uliza mapema mambo matatu kwa dirisha la malipo: je, upasuaji, ganzi na kazi ya maabara vyote vimo, au maabara inalipwa mfukoni? Kliniki za meno za Mbagathi na Mama Lucy Kibaki ni mahali pa kuanzia. Kesi nzito hupelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi kwenye barabara ya Argwings Kodhek.

Siku ya kukatwa kwa ganzi ya kawaida, mzee ale na ameze dawa zake za kila siku, za presha na za sukari. Presha ikiwa 180 kwa 110 au zaidi, ataahirishwa, na safari ya alfajiri kutoka Githurai imekwenda bure. CHP ampime siku mbili kabla. Aspirini haisimamishwi kwa kazi ndogo ya kinywa. Mwenye warfarini aende na kipimo cha INR, kinachoonyesha damu inavyoganda, kisichozidi saa 72, na kiwe chini ya 4.

*Hukwama wapi.* Baka hurudi, palepale au kando, kwa sehemu kubwa ya wagonjwa, na familia iliyodhani kisu kimemaliza kazi haikuwa ikitazama. Baka pana chini ya ulimi likikatwa, kovu huweza kuuvuta ulimi, mzee akatamka kwa shida. Damu ikianza kutoka nyumbani, shashi safi iliyokunjwa ibanwe juu dakika 20 za kuhesabu kwa saa ya mkononi au ya simu, bila kufunua kuchungulia. Isipokoma, arudi hospitalini. Maumivu: parasetamoli. Ibuprofeni kwa mzee aliye kwenye dawa za presha za enalaprili au losatani pamoja na dawa ya kukojoza inaweza kuangusha figo. Chakula kiwe laini na cha vuguvugu, uji, viazi vya kuponda, parachichi. Kusukutua kwa maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwa glasi, kuanze kesho yake. Nyuzi za hariri hutolewa baada ya siku 7.

*Inamfaa nani.* Mwenye displasia ya kati au kali, mwenye baka jekundu au mchanganyiko, na mwenye baka dogo mahali pabaya ambalo linakatika lote bila kuharibu ulimi.

Kwa hali yako

Kama baka ni jeupe, mzee anaweka ugoro palepale, na hakuna dalili ya hatari, anza na kuacha tumbaku na kukagua baada ya wiki mbili. Linalopungua lifuatilie hadi wiki ya sita. Lisilotikisika lipeleke baiopsi, hata kama amekwisha kuacha.

Kama jibu la maabara limesema displasia ya kati au kali, na mzee anatembea na kujipikia, tungeegemea kukata, kisha ukaguzi wa kila miezi 3. Umri wa miaka 80 pekee si sababu ya kumnyima. Kama amelala kitandani baada ya kiharusi na baka halimsumbui, kufuatilia nyumbani ni uamuzi halali; ufanywe na mzee mwenyewe akiwa na akili yake, pamoja na daktari, na uandikwe kwenye faili ili jamaa wa kesho wasianze upya.

Kama ni laikeni planasi, tibu uchungu kwa dawa, na ukaguzi uwe angalau mara 1 kwa mwaka. Sehemu inayokuwa nene, nyekundu au isiyopona ikatwe ipimwe, hata kama mwaka jana ilipimwa ikawa salama.

Kama mdomo hauingizi tena vidole vitatu vilivyosimama na mzee ni mtafunaji wa paan, popoo iachwe leo. Ukakamavu uliopo hautarudi nyuma wenyewe. Mazoezi ya kufungua mdomo na daktari wa upasuaji wa kinywa wapangwe pamoja.

Na kama mzee anagawa mwaka kati ya Nairobi na ushago, ripoti ya maabara isafiri naye. Mwombe daktari aandike barua fupi yenye jina la ugonjwa, kiwango cha displasia, tarehe ya kukatwa na tarehe ya ukaguzi unaofuata, kisha CHP wa huku apate namba ya mwenzake wa kule kabla mzee hajapanda gari.